Mume Asiyekula Vitunguu

Ile waliyomletea Clovis Tackett Jumanne mchana haikuwa baga, na aliyeiita baga alipaswa kumwogopa Mungu. Umbo la baga ilikuwa nalo, hilo siwezi kulikana: mkate juu, mkate chini, nyama katikati, na ukanda mwekundu wa nyanya ukichungulia pembeni. Lakini vyote vilikuwa uji. Jikoni mwa makao ya wazee alikolazwa walisaga mkate peke yake, nyama peke yake, nyanya peke yake, wakavimimina kwenye vikasha vya plastiki mpaka vikaganda, kisha wakavipanga upya ili mgonjwa asijisikie mgonjwa. Ukiigusa kwa kijiko, inatetemeka.

"Fungua kinywa, Clovis," alisema mkewe, Lorene. "Kidogo tu. Jibini hii ndiyo ile ya njano unayoipenda."

Clovis aliitazama baga, akamtazama mkewe, akafumba kinywa. Ilikuwa siku ya kumi na mbili anafanya hivyo. Kiharusi cha mwezi wa tisa kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kulia, karibu maneno yote, na koo. Hilo koo ndilo lililomaliza mambo, maana chochote kigumu kilipotea njia kikaingia mapafuni. Madaktari walipouliza habari za mrija wa kulishia tumboni, ikatolewa karatasi aliyoitia sahihi zamani akiwa na akili zake timamu: mrija hataki, wala wasimshawishi. Basi lilikuwa jambo la wazi kwa kila mtu pale. Ama atakula kwa kinywa, ama atakufa. Alikuwa ameshapungua ratili thelathini na moja, na pete ya ndoa walikuwa wameifunga kwa uzi isidondoke.

Kwenye kila sinia ya chakula palikuwa na kadi. Ya Clovis ilisema: Anapenda baga, jibini ya njano, achari ya matango. Hapendi vitunguu. Maneno hayo aliyatoa Lorene siku ya kumleta, bila kusita hata kidogo, na moyoni akajisifu. Aliwaona wanawake wengine wakipiga simu kwa watoto wao kuuliza baba anakula nini. Yeye hakuhitaji kumuuliza mtu. Miaka arobaini na sita ya ndoa, angekosaje kumjua mumewe?

Jumanne hiyohiyo akaja Twyla Bascom kumtazama mgonjwa. Twyla alihudumu mezani katika mkahawa wa Rigsby miaka ishirini na sita, yeye upande huu wa kaunta, Clovis mpishi upande ule akiwa na mwiko wake wa chuma mbele ya bamba la moto. Na kama hujui baga za sehemu ile ya Oklahoma, jua hivi: unachukua donge la nyama, unalitupa kwenye chuma, unamwaga juu yake konzi zima la vitunguu vilivyokatwa vyembamba kama karatasi, halafu unavikandamiza ndani ya nyama kwa nguvu zako zote mpaka kingo ziungue. Kuagiza baga bila vitunguu pale kwa Rigsby kulikuwa kama kwenda kanisani na kofia kichwani. Hawakufukuzi, ila watakutazama.

Watu wa mji ule walijuana kwa baga zao. Twyla hakuwa akitaja majina, alitaja vikorombwezo tu, na Clovis anajua aliyeingia ni nani. Hakimu alikula na kila kitu isipokuwa nyanya. Mchungaji alitaka vitunguu maradufu, ila si Jumapili, kwa sababu ya kusalimiana na waumini mlangoni. Kuna mjane mmoja aliyekula na mayonezi miaka yote, mara ghafla akaanza kuagiza haradali na pilipili za kuchachua, na mji mzima ukajua anatembea na nani kabla watoto wake hawajajua.

Twyla alimbusu Clovis kwenye paji la uso, akamtania kwamba amenenepa, kisha akaiokota ile kadi akaisoma. Akaangua kicheko.

"Nani kaandika uongo huu?"

"Uongo gani?" akauliza Lorene.

"Huu hapa! Hapendi vitunguu. Clovis huyu? Weee! Labda kuna Clovis mwingine." Twyla alikuwa bado anacheka. "Dada, saa nane mchana, watu wakishapungua, huyu bwana alikuwa anajitengenezea ya kwake. Vitunguu vya watu watatu! Vingine vya kuungua ndani, vingine vibichi juu, na haradali mpaka inamchirizika kidevuni. Anakula amesimama mlango wa nyuma, macho kayafumba. Mimi nilikuwa namwambia, Clovis, siku moja nitakuozesha hicho kitunguu."

Lorene akaichukua ile kadi mkononi mwake, akaisoma upya.

"Kisha anasukutua, anatafuna peremende nusu paketi, anabadilisha shati. Tukimuuliza anasema, nyumbani kuna sheria..." Hapo Twyla akamwangalia Lorene vizuri, na kicheko kikamfia mdomoni. "Kumbe hukujua."

"Kila siku?"

"Dada, mimi nilidhani unajua."

"Nimekuuliza, kila siku?"

"Kila siku," Twyla akasema polepole. "Siri ya mtungi aijuaye kata, dada. Mimi nilikuwa nahudumia meza tu."

Clovis alikuwa amelala usingizi wakati huo, au alikuwa amefumba macho tu. Lorene hakuthubutu kumuuliza, si siku hiyo wala siku nyingine.

Chuki ya Lorene kwa vitunguu haikuwa maringo. Baba yake alivilima, na mwaka mmoja bei ikaanguka hivi kwamba hapakuwa na mnunuzi hata wa kuvichukua bure. Familia ikala vitunguu miezi minne: vya kuchemsha, vya kuchoma, vya asubuhi, vya jioni. Mdogo wake wa mwisho alizikwa mwaka huo, na nyumba nzima siku ya maziko ilinuka vitunguu. Lorene alikuwa na miaka saba. Tangu hapo hakuweza kukaa navyo chumba kimoja.

Wiki ya kwanza ya ndoa, mwaka wa hamsini na saba, Clovis alirudi kutoka kazini ananuka vitunguu, akamkumbatia Lorene, naye akamponyoka akakimbilia uani kutapika. Aliporudi alimkuta amesimama kwenye ngazi, kofia mkononi, kijana wa miaka ishirini na mbili aliyeogopa kwamba ameshaharibu kila kitu. Lorene akamsimulia habari ya vitunguu na ya mdogo wake. Clovis akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hata mimi sivipendi sana." Ndivyo alivyosema, na Lorene akaamini. Miaka yote akawaambia watu kanisani, akicheka, kwamba mume wake anakaanga vitunguu mchana kutwa na mwenyewe haviweki mdomoni. Sasa alikumbuka jinsi walivyokuwa wakitazamana. Nusu ya wale watu walikula kwa Rigsby.

Kipendacho roho hula nyama mbichi, na yeye roho ya mumewe hakuijua inapenda nini. Ameishi na mgeni mwenye adabu. Aibu hiyo ilimkaa kifuani usiku kucha, na kulipokucha alikwenda moja kwa moja kwa Kendall, kijana aliyekuwa mtaalamu wa kupima jinsi wagonjwa wanavyomeza.

"Nataka ale baga moja ya kweli," alimwambia. "Moja tu, yenye vitunguu. Nipe karatasi yoyote niitie sahihi."

Kendall alimkalisha kitini. "Mama, jana nimempa kijiko cha maji yaliyotiwa uzito ili yasimpalie, amekohoa robo saa. Kipande cha nyama kama ukucha wangu kinatosha kumuua. Na usidhani ataondoka kwa raha. Kukosa pumzi si raha."

"Hali chakula chochote, mwanangu. Anaondoka hivihivi."

Kendall alivuta kiti akaketi mbele yake. Alikuwa kijana mwema, hakuwa na haraka. "Itengeneze wewe nyumbani," alisema mwishowe, "vilevile anavyoipenda. Uilete ya moto. Nitaisaga mimi mwenyewe, laini kabisa, bila kuimimina kwenye vile vikasha. Ladha itakuwa ileile. Akiikubali hiyo, tumepata pa kuanzia."

Hapo Lorene akapata tumaini kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa, na tumaini likimpata mtu aliyekwisha kukata tamaa humtesa kuliko kukata tamaa kwenyewe. Alinunua vitunguu vitatu. Aliviweka kiti cha nyuma cha gari, akateremsha vioo vyote ingawa kulikuwa na baridi ya mwezi wa kumi na moja. Nyumbani alivikata vyembamba huku akipumua kwa mdomo. Alivikandamiza ndani ya nyama kwa mwiko wa Clovis mwenyewe. Mafuta yalipoanza kulia na harufu kupanda, alikimbilia sinki la bafuni akatapika, akasukutua, akarudi jikoni kabla havijaungua zaidi ya inavyotakiwa. Akatapika mara ya pili. Hakuzima moto. Akapanga vibichi juu, akamwaga haradali kama alivyosimuliwa, akaifunga yote kwa karatasi ya foili na taulo, akaendesha gari kwa kasi ambayo hakuwahi kuendesha nayo maishani.

Kendall alisaga nusu, akaweka kwenye bakuli. Nusu nyingine Lorene aliiomba ibaki nzima kwenye foili, ili Clovis aione.

Aliifungua juu ya ile meza ya kitandani. Harufu ilijaa chumba, ikatoka mpaka ukumbini, na mama mmoja wa chumba cha jirani akapaza sauti, "Nani huyo ana baga ya Rigsby? Mleteeni na mgonjwa mwenzenu, mna roho gani nyinyi!"

Pua za Clovis zikatanuka. Kifua kikapanda. Alifumbua macho, na hayakuwa tena yale macho ya siku kumi na tatu zilizopita; yalikuwa macho ya mtu aliyeitwa kwa jina lake. Mkono wa kushoto ukasogea juu ya blanketi, ukakandamiza kitu kisichokuwepo. Na kinywa chake, ambacho watu wanne walishindwa kukifungua kwa maneno mazuri na kwa kubembeleza, kikafunguka chenyewe.

Lorene akachota kijiko. Alipoinama karibu, mvuke wa bakuli ukampanda usoni. Alibana midomo. Macho yakamjaa machozi, shingo ikaruka kidogo, kidogo sana, jambo la kufumba na kufumbua. Mumewe alimficha miaka arobaini na sita. Yeye alishindwa kumficha kwa dakika moja.

Clovis aliuona uso ule. Alikuwa akiusoma tangu mwaka wa hamsini na saba, hakuhitaji maneno. Akaitazama baga iliyofunguliwa kwenye foili. Akamtazama tena mkewe, machozi yakimtoka, mdomo umebanwa, na kwa jinsi akili yake ilivyochanganyikiwa na ugonjwa, akaelewa jambo moja tu: amefumaniwa.

"Samahani," alisema. Lilikuwa neno zima, safi, la kwanza kwa majuma mawili.

"Hapana, Clovis, hapana! Mimi ndiye niliyekuletea. Nimeitengeneza mimi!"

"Mara moja," alisema. Akameza mate kwa shida. "Mara moja tu."

Kisha kwa mgongo wa mkono wake wa kushoto akajipangusa kinywa, kinywa ambacho hakikuwa kimeingiwa na kitu, akakifumba.

"Twyla kaniambia yote," Lorene alilia. "Najua, mume wangu, na sijali. Nataka ule. Nakuomba. Tazama, hata mimi nakula, tazama!" Akakitia kile kijiko kinywani mwake mwenyewe. Akameza. Ikashuka, ikakaa kidogo, ikarudi, naye akawahi kugeukia ndoo ya taka, na Clovis akayaona yote hayo akiwa amelala pale, hawezi hata kuinuka kumshika bega.

Alipoinua kichwa, mumewe alikuwa akilisukuma bakuli. Alilisukuma kwa ule mkono mzima, inchi kwa inchi, mbali na Lorene, mpaka mwisho wa meza, likaanguka.

Hakukifungua tena kinywa kwa ajili ya chakula. Si kwa uji wa jikoni, si kwa Kendall, si kwa Twyla aliyekuja akapiga magoti akimwomba radhi. Aliishi siku tisa tu. Na siku zote hizo tisa, kila Lorene alipoinama kumbusu, Clovis aliugeuza uso wake kuelekea ukutani na kubana pumzi, mkewe asije akamsikia harufu ya vitunguu.