Tarehe Niliyoigonga kwa Nyundo

Msiniite shujaa. Mtu akiniita shujaa huwa namkaripia, na watu wa Natta wanadhani ni unyenyekevu. Unyenyekevu gani? Ni aibu, jamani, aibu tupu, na leo naisema yote.

Mwishoni mwa mwaka sabini na saba nilikuwa mtunza stoo wa kambi ya watalii karibu na kijiji cha Natta. Kambi ilikuwa imetaifishwa, meneja wetu ni Ndugu Method, na mali yetu kubwa ilikuwa karavani moja, ile nyumba ya bati yenye magurudumu ambayo wazungu huivuta kwa gari na kulala humo safarini. Matairi yalipokwisha tuliipandisha juu ya matofali, ikawa jiko la wageni. Mtungi wa gesi ulikaa nje, upande wa mbele, na mpira wake ulipita sakafuni mpaka kwenye jiko.

Mpishi alikuwa mama mkwe wangu. Jina lake, ambalo hata sasa nalitaja kwa shida, ni Wegesa, mjane kutoka Tarime, mama wa mke wangu Robi. Alipika humo na kulala humo. Sasa kwetu Wakurya mkwe ni mkwe. Sikuingia alimolala, sikula mbele yake, sikumtazama usoni, na tukiwa na neno, Robi ndiye alilibeba. "Mwambie mume wako chumvi imekwisha." "Mwambie mama italetwa kesho." Na mimi nimesimama hatua kumi tu, nasikia kila kitu! Watu wa Natta walitucheka mpaka wakachoka.

Mtungi wa gesi una tarehe iliyogongwa shingoni. Wetu ulikuwa wa sitini na saba, na ikipita miaka kumi haujazwi tena mpaka upimwe. Wanaujaza maji, wanayasukuma kwa nguvu, ukivumilia unagongwa tarehe mpya, ukishindwa unatupwa. Zamani mitungi tuliipeleka Nairobi kupimwa, lakini mpaka ulikuwa umefungwa, ikabaki Mwanza.

"Mseti," Ndugu Method akaniambia, "lori la Mwanza linaondoka Musoma Alhamisi. Wageni wanakuja wiki ijayo. Nakutegemea wewe."

Nikaondoka Jumatatu. Nilipofika njia panda, badala ya kushika ya Musoma nikapanda gari la Tarime, na mtungi wangu mapajani. Ulikuwa mwezi wa tohara na mtoto wa kaka yangu alikuwa anatahiriwa. Nikajiambia siku moja tu. Siku moja ikawa nne. Nilikunywa, nikaimba, nikacheza mpaka viatu vikaachama. Nilipofika Musoma Ijumaa, lori lilikuwa limeshakwenda zake.

Ningesema ukweli ningeitwa mzembe, na miaka ile mzembe alisimamishwa mkutanoni mbele ya kijiji kizima. Hilo ningelimeza. Lakini mkwe wangu angesikia kwamba mume wa binti yake alilewa kazini, na hilo lilinishinda. Basi nikaazima nyundo na namba za chuma kwa fundi mmoja wa magari, nikagonga 12-77 chini ya ile tarehe ya zamani. Kitako cha mtungi kilikuwa na kutu. Niliiona! Niliikwangua, unga mwekundu ukanijaa kiganjani, nikapiga rangi ya fedha juu yake. Wale wa kujaza gesi pale Musoma wakaangalia shingo tu, wakajaza.

Ndugu Method alinisifu mbele ya wafanyakazi wote. Nikapiga makofi pamoja nao, mjinga mimi.

Siku ya wageni, saa nne asubuhi, nikapita karibu na karavani, nikasikia harufu. Nikainama. Chini ya mtungi rangi ilikuwa imebanduka na gesi inatoka ikipiga mluzi. Nikafunga koki, haikusaidia kitu, maana tundu lilikuwa kwenye kitako chenyewe. Gesi ile ni nzito, inatambaa chini. Ilikuwa inaingia uvunguni, na kule nyuma, hatua chache tu, mkwe wangu alikuwa ameinjika maharage kwenye jiko la mkaa, makaa mekundu kabisa.

Na yeye alikuwa ndani. Nilisikia maji kwenye beseni. Alikuwa anaoga, na mafua ya wiki nzima yalikuwa yameziba pua yake.

"Robi!" nikaita. Robi alikuwa kisimani. "Joram!" Joram mlinzi alikuwa getini, mbali. Basi nikafanya upuuzi ambao Mkurya tu ndiye angeufanya. Nikageuza mgongo, nikapaza sauti hewani: "Mtu amwambie mama atoke! Gesi inavuja!"

Maji yakanyamaza. Hakutoka. Amesikia sauti ya mkwe wake mlangoni naye yuko uchi, angetokaje? Nikaita tena hewani, mara ya pili, mara ya tatu, na harufu inazidi. Kila nikikumbuka zile dakika natamani kujizaba makofi.

Mwishowe nikavunja mlango. Sitasema nilichokiona. Nilimfunika kanga, nikambeba, naye ananipiga kichwani na kulia, "Weee! Weee!" Tulikuwa hatujafika kwenye uzio karavani ilipolipuka nyuma yetu. Joram na wengine walikuja mbio wakatukuta chini, mkwe mikononi mwangu, kanga imelowa.

Siku tatu sikutoka nyumbani. Ndugu Method aliokota mtungi uliopasuka, akasoma shingo, akasema umepimwa mwezi huu huu, basi ni bahati mbaya. Watu wakasema aibu ya Mseti ni ya kumshika mkwe, nayo wazee wataisafisha kwa mbuzi. Nilitamani iwe hiyo tu.

Siku ya nne mkwe akaniita. Nilimkuta ameketi na Robi, mkono mmoja umefungwa bendeji, na ng'ombe mtamba, mwekundu, amefungwa kwenye mti. Nikasimama hatua zangu kumi, macho chini.

"Sogea," akasema. Aliniambia mimi! Miaka sita ya ndoa, hajawahi. "Mwanangu, wengine wangeogopa aibu wakaniacha niungue. Wewe hukuogopa. Mbuzi hatutoi. Huyu mtamba nilimlea mwenyewe kule Kisaka, ni wako."

Ningeweza kusema asante, mama, nikaenda. Hakuna aliyejua, na mtungi haukuwa na mdomo. Lakini lile neno mwanangu lilinichoma kuliko matusi.

"Robi," nikasema, "mwambie mama ule mtungi haukupimwa. Mwambie nilikuwa Tarime nalewa. Mwambie tarehe niligonga mimi kwa nyundo, na kutu niliiona."

Machozi yakamtoka Robi. "Hilo silibebi," akasema. "Mwambie mwenyewe."

Basi nikainua macho, nikamtazama mkwe wangu usoni, nikarudia yote, neno kwa neno. Nilitaka anitukane, anitemee mate, achukue fimbo.

Hakufanya hata kimoja. Alijifunika kanga usoni kama zamani, akageukia upande.

"Robi," akasema taratibu, "mwambie mume wako amchukue ng'ombe wake aende. Mimi nikishatoa sirudishi."

"Mama, nisamehe," nikasema.

"Robi, mwambie sijamsikia."

Nikafungua kamba. Nilimswaga yule mtamba kupita katikati ya Natta mchana kweupe, na watu wakatoka milangoni kunishangilia. "Mura, umestahili!" wakasema. "Mkwe amekupa ng'ombe!"

Nikaitika, ndiyo, amenipa.