Mke Mdogo wa Festo

Sijui ni nani aliyeanza kuiita bunduki mke mdogo, lakini ningempata ningemkalisha chini anieleze kilichomchekesha. Mume wangu Festo alipata kibali cha bunduki mwaka juzi, fisi walipotumalizia mbuzi hapa Hirbadaw, na mimi sikuwa na neno. Fisi ni fisi. Shida ilianza alipoingizwa kwenye grupu la WhatsApp linaloitwa Wazee wa Mtutu.

Humo wako zaidi ya mia, na utani wao ni ule ule. Mmoja anatuma picha ya bunduki, anaandika, "Mke mdogo huyu hapa, hanuni wala haombi vitenge." Mwenzake anajibu, "Akikohoa mara moja kijiji kizima kinaamka." Wa tatu anamalizia, "Halafu hana mama, kwa hiyo hakuna mama mkwe." Hapo vinafuata vile vikatuni vinavyolia kwa kucheka, foleni nzima. Kesho yake tena, neno kwa neno. Wolfgang, aliyeanzisha hilo grupu, huwa anautuma kwa sauti kabisa, na Festo anausikiliza mimi nikiwa nakamua, anacheka utafikiri ndiyo kwanza ausikie. Nilinyamaza. Nilijiambia mtu mzima hanyang'anywi mchezo wake.

Mwezi wa tatu nikajifungua mtoto wa kike. Kwetu sisi Wabarabaig, mwanamke akijifungua, chumba chake ni chake, na mwanaume anaingia humo mikono mitupu. Hata baba yangu, pamoja na ukali wake wote, alikuwa anachomeka mkuki nje ya mlango kabla ya kuja kumwona mama na mtoto. Festo analijua hilo tangu akiwa ananyonya.

Siku ya tisa, mchana, nilisinzia na mtoto ubavuni. Niliamshwa na kitu cha baridi kwenye mkono. Bunduki ilikuwa imelazwa kitandani kati yangu na mtoto, kitako kimefunikwa kwa blanketi lake, na Festo amesimama upande wa miguuni anapiga picha. Mtutu ulikuwa umeelekea kichwa cha binti yangu.

"Tulia, ni utani tu," alisema. "Mke mdogo kaja kumpongeza mkubwa."

"Itoe."

"Haina risasi, Judica. Mbona unakuwa hivyo?"

Picha alikuwa ameshaituma. Nikamwita mama yake, Efrazia, aliyekuwa jikoni akinichemshia maziwa. Mtu mwingine angedhani atamtetea mwanawe. Aliingia, akaitazama bunduki, akamtazama mtoto, akamwambia Festo kwa sauti ya chini aifungue. Festo akaifungua huku anatabasamu. Risasi moja nyekundu ikachomoka, ikaanguka juu ya blanketi.

Tabasamu likamwisha. Alisema alidhani ameitoa jana yake. Mama mkwe alichukua fimbo yake akaenda kuwaita wanawake.

Wanaume wa kwetu hawaogopi fisi, wala polisi hawawaogopi sana, ila mkutano wa wanawake wanauogopa. Anayemkosea mzazi aliye ndani na mtoto mchanga anahukumiwa na wanawake wenyewe, na hakuna mzee wa kiume wa kutengua. Asubuhi iliyofuata walikuja kama sitini, kila mmoja na fimbo yake, wakakaa kwenye majani mbele ya mlango wangu ili nisikie nikiwa ndani. Wanaume walifukuzwa hadi ng'ambo ya zizi. Festo akasimamishwa katikati.

"Tumesikia kuna utani," mama mkwe alianza. "Tupe na sisi tucheke."

"Mama, ni mambo ya simu tu."

"Sema."

Akasema. Bunduki ni mke mdogo, hanuni, haombi vitenge. Hakuna aliyecheka.

"Huku nyuma hatujasikia," mmoja alisema. "Rudia."

Akarudia. Wakamfanya arudie mara ya tatu na ya nne, wakataka na ile ya kukohoa, wakataka na ile ya mama mkwe, na hiyo aliisema mama yangu mzazi amekaa hatua mbili mbele yake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na mtoto kifuani, na sidanganyi, nilifurahi. Miaka miwili nimeyameza maneno yale, sasa na yeye ayaonje.

Kisha wakaniuliza ninataka nini.

"Bunduki isilale tena nyumba moja na mwanangu," nilisema. "Hilo tu."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. "Nani hapa anawalaza wake wawili chumba kimoja? Festo, mke mdogo utamjengea kwake. Tofali, mlango wa chuma, ng'ambo ya zizi. Mpaka pakamilike, utaipeleka kituoni ikatunzwe. Na kwa kuwa ulioa bila kumwambia mkubwa, ufunguo atakaa nao Judica. Na faini yetu, dume jeusi la ng'ombe la kutuchinjia, utalileta leo."

"Sawa, mama," Festo alisema.

Hapo simu yake ikalia mfukoni. Mama mkwe akamwamuru asome, na asome kwa sauti. Ulikuwa ujumbe wa Wolfgang kwenye grupu: "Wazee, nasikia mwenzetu anahukumiwa na magauni. Amlete mke mdogo akohoe mara moja tu, uone watakavyotawanyika."

Festo alibaki ameshika simu, hajui pa kuiweka.

"Huyu Wolfgang ni mtoto wa nani?" mwanamke mmoja akauliza, ingawa nadhani alikuwa anajua.

Kwenye mstari wa nyuma akainuka Fransiska, taratibu, maana magoti yanamsumbua. "Ni wangu," alisema. "Na mkewe yuko ndani, ana mtoto wa wiki tatu." Alijifunga shuka lake vizuri, akainama kuokota fimbo. "Tukimaliza hapa twendeni kwangu. Si mbali."