Ukungu Ndani ya Kaharabu

Nataka kuandika habari ya ile kaharabu kabla sijaanza kusahau sauti ya mume wangu, Omollo.

Alikuwa fundi wa vito, na meza yetu ilikuwa chini ya ngazi za jengo moja katikati ya jiji. Mama Waceke wa Loresho alimletea kipande cha kaharabu, ile gundi ya mti wa kale iliyogeuka jiwe, akitengeneze kiwe kidani cha binti yake kuvaa siku ya mahari. Kilikuwa na giza. Omollo akakipasha moto polepole ndani ya mafuta, jinsi alivyozoea, kikang'aa. Hapo ndipo alipoona doa ndani yake, na nyuzi nyeupe.

"Selpher, nimekiharibu," aliniambia. "Kimepata ufa, ukungu umeingia."

Siku mbili alikigeuzageuza kwenye mwanga. Miaka ishirini na sita ya kazi, na hakuwahi kuharibu kitu cha mtu.

Ijumaa wakaja, mama na binti. Omollo akavua kofia, akakiri yote.

"Ngai, Mungu wangu, fundi! Na wageni wanakuja kesho!" Mama Waceke akashika kichwa. "Basi sugua hapo mpaka hiyo uchafu iishe."

"Ngoja, Mum."

Waceke, ambaye husomea mambo ya kuvu chuo kikuu, alichukua lenzi ya Omollo. Akatazama, kisha akaruka.

"Fundi, hii ukungu si yako! Hili doa ni mdudu, ni utitiri. Alinaswa humu mamilioni ya miaka iliyopita, na hizi nyuzi ni kuvu wake mgongoni."

"Utitiri wa kuku?" nikauliza.

"Ni wa ukoo huo, Mama. Wengine hubeba mbegu za kuvu, wakazipanda mti mwingine, halafu wakala kinachoota. Huyu labda alikuwa hivyo. Ama labda kuvu ndio ulikuwa unamla, sijui bado. Lakini asisuguliwe!"

"Utavaa utitiri mbele ya wakwe?" mama yake akasema.

"Nitavaa. Wazee wakirefusha hotuba, nitapitisha lenzi."

Omollo alikuwa amerudisha kofia kichwani. "Swali moja tu," akasema. "Kati ya mdudu na kuvu wake, nani alileta mbuzi wa mahari?"

Mama Waceke alijaribu kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Omollo akaanza kutoboa tundu la mkufu pembeni kabisa, mbali na mdudu. Nilipoweka birika mezani kwa kishindo, akaninyamazisha.

"Taratibu, Selpher. Kuna mzee amelala hapa."