Sheria ya Tisa ya Ua Wetu

Mwaka 1994, Osman, mfanyabiashara aliyejenga ghorofa tuliyopanga mjini Migori, aliniteua kuwa mwenyekiti wa wapangaji. Nilikuwa mwalimu mstaafu, nami niliamini kwamba familia kumi na mbili haziwezi kutumia ua mmoja bila sheria. Niliziandika kwa mkono wangu, nikazibandika penye ngazi: zamu za kuosha choo, zamu za bomba, siku za kuanika nguo. Ya tisa ilisema kwamba ua ni wa kuanikia nguo tu, wala si wa karamu, mikutano au matanga.

Mwezi wa Machi, mume wa Marcella wa chumba cha sita alifariki. Kwetu, maiti akitolewa mochari hupitishwa kwanza mahali alipoishi, majirani wamuage, ndipo apelekwe kuzikwa. Marcella aliniomba ua kwa saa moja. Nilimwonyesha sheria ya tisa. Gari lilisimama barabarani, na watu wakamuaga marehemu kando ya mtaro wa maji machafu. Mke wangu, Benta, aliniambia nimekosea. Nilimjibu kwamba nikimruhusu mmoja, sitakuwa na neno kwa wengine.

Mwezi wa Agosti, malaria ilimchukua Benta ndani ya siku nne.

Tulipomtoa mochari ili tumpeleke nyumbani kwetu Rangwe akazikwe, nilimwambia dereva asimame barabarani. Nilichungulia langoni. Ua ulikuwa umefagiwa, kamba zote za nguo zimefunguliwa, viti vimepangwa. Marcella alisimama katikati, ufagio mkononi.

"Mlete ndani, Mwalimu," alisema. "Amekaa hapa miaka tisa."

"Sheria ni ile ile, mama."

"Sheria ni yako. Benta alikuwa wetu."

Nilitamani kukubali. Lakini ningemwingizaje wangu mahali nilipomzuia wake? Niliuona huo kuwa ndio uadilifu. Basi Benta naye akaagwa kando ya mtaro, na mwanangu Boaz hakusema nami hadi Rangwe.

Niliporudi baada ya mazishi, kamba zilikuwa zimefungwa tena. Mlangoni pangu palikuwa na gauni la Benta, limekunjwa vizuri. Alikuwa ameliacha kambani alipougua. Nilichukua kalamu, nikashuka penye ngazi, nikaifuta sheria ya tisa. Kisha nikaenda uani kumwarifu Marcella.

Alisikiliza hadi mwisho.

"Wote wawili wamekwisha pita, Mwalimu," alisema, akainama kuchukua shuka kutoka kwenye beseni.