Nakala ya Chini

"Soma hapo," alisema Aminieli, akiigonga karatasi kwa ukucha. "Si mwandiko wako huu?"

Eliufoo, mdogo wake, hakuhitaji kusoma. Ilikuwa nakala ya chini, ile inayotoka chini ya karatasi ya kaboni, na herufi zake za buluu zilikuwa zimeanza kufifia kwenye mikunjo. Nakala ya juu husomwa msibani, ya chini hubaki na ukoo.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameandika historia za marehemu wote wa mtaa wao wa kanisa. Shule aliishia darasa la nne, lakini mwandiko wake ulisimama wima kama mahindi yaliyopata maji. Wafiwa walimjia na kuku, au mkungu wa ndizi, wakakaa kwenye kigoda, naye akawauliza kwa mpangilio uleule: kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, shule, ndoa, kazi. Mwisho kabisa aliuliza, "Aliugua nini?"

Hapo ndipo watu walipotazama chini. Naye alikuwa na maneno ya kuwasaidia. Mlevi alisumbuliwa na ini. Binti aliyekufa akitoa mimba alipatwa na homa ya ghafla. Aliyejinyonga aliitwa na Bwana. Eliufoo aliwafunika watu kwa kalamu kama mtu anavyomfunika mgonjwa shuka, na kazi hiyo aliipenda.

Karatasi iliyokuwa mkononi mwa Aminieli ilikuwa historia ya Yona, mwana mkubwa wa Eliufoo.

"'Marehemu alianza kuugua homa ya mapafu mwezi Machi 1992,'" Aminieli alisoma kwa sauti ya kanisani. "'Akatibiwa, akauguzwa vema na mkewe, hadi Juni Bwana alipompenda zaidi.' Haya. Leo ni Oktoba. Unatuambia nini?"

Wazee wanne wa ukoo walikuwa sebuleni, na kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, katikati yao. Walikuja kumkabidhi Evance, mwana wa pili wa Eliufoo, mke wa marehemu kaka yake, naye Eliufoo alikuwa amekataa. Mchungaji angenung'unika kidogo, kisha angenyamaza, kama alivyonyamaza kwa wengine. Evance alikaa karibu na mlango. Biashara ya kaka yake ya mitumba kule sokoni Same alikwisha kuirithi, na shati alilovaa lilitoka kwenye robota la mwisho alilofungua Yona.

"Haikuwa homa ya mapafu," alisema Eliufoo. "Daktari aliniita ndani, akafunga mlango. Ni ugonjwa huu wanaousema redioni."

Aminieli akacheka.

"Mdogo wangu, kama huyu mwanamke humtaki, sema humtaki. Usimchafue marehemu."

"Redio inasema ni ugonjwa wa malaya," alidakia Eliamini, mdogo wao wa mwisho, aliyekwisha kukolea pombe. "Yona aliimba besi kwaya kuu! Nani hajui alirogwa? Tangu hiyo mitumba iruhusiwe, pale sokoni wanatafunana kama fisi. Na wewe kaka ulivyo, ungeandika hata mbuzi wangu alikufa akisali."

Wakacheka wote, isipokuwa Evance.

"Baba," alisema, "uliisoma mwenyewe pale uwanjani. Watu walilia. Mimi nililia. Siku ile ulikuwa unadanganya?"

"Ndiyo."

"Sasa leo nitajuaje?"

Eliufoo alimtazama mwanawe. Shingo nene, mikono ya kubebea mizigo. Yona alikuwa hivyohivyo Krismasi iliyopita, kabla hajaanza kuugua. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila kifo cha mtaa mzima alikaa pale mdomo wazi, asiwe na hata moja.

"Tangu lini, baba?"

Sauti ilitoka mlango wa jikoni. Evaline, mjane wa Yona, alikuwa amesimama na beseni la maji ya kunawa, mtoto mgongoni. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu saa ngapi.

"Nini, mama?"

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Machi."

Evaline akaliweka beseni chini polepole, maji yasimwagike.

"Nilikuuliza mara tatu. Ukaniambia niombe." Akawageukia wazee. "Nyie mmesikia historia. Mimi nilimwogesha. Niliona kinywa chake ndani, niliona ngozi. Nilipombeba kumtoa juani alikuwa mwepesi kuliko kuni. Nilijiambia siyo, kwa sababu baba mkwe anajua kusoma, na daktari ameongea naye. Ungekuwa ndio ugonjwa huo, angeniambia."

Wazee wakatazama chini, kama wafiwa wanavyotazama.

"Shemeji," alimwambia Evance, "mimi siji kwako. Nenda kwenye mitumba yako."

Evance alisimama, akavuta shati lile likaachana na mgongo, kana kwamba lilikuwa limeloa. Akatoka bila kuaga. Walimsikia akiteremka njia ya Kisiwani, mawe yakibingirika chini ya miguu yake.

Wazee waliondoka mmoja mmoja. Makande hayakuguswa. Aminieli aliiacha karatasi mezani, ameiwekea kikombe juu.

Jua lilipokaribia mgongo wa mlima, Evaline alikuwa amemaliza vyombo. Akaja akakaa kwenye kile kigoda.

"Chukua daftari, baba. Niandikie ya kwangu."

"Hujafa, mwanangu. Hata kupimwa hujapimwa. Huenda..."

"Ndiyo maana. Nataka kuisikia."

Mikono ya Eliufoo ilijua kazi kuliko yeye. Alichana karatasi mbili, akapachika kaboni katikati, akanyoosha kingo. Evaline alizaliwa Msangeni mwaka 1967. Alibatizwa, akapata kipaimara, akamaliza darasa la saba. Alijifunza cherehani. Alipoulizwa kazi alifikiri kidogo, kisha akasema, "Andika kwamba nilishona sare za shule nzima, na hakuna iliyofumuka." Eliufoo akaandika. Ndoa akaiandika pia, na jina la Yona, herufi wima.

Kisha akafika pale. Akaacha mstari mtupu, kama kawaida, na kalamu ikasimama.

"Uliza," alisema Evaline.

Eliufoo hakuinua uso.

"Unawauliza watu wote, baba. Niulize na mimi."

Mtoto akakohoa mgongoni, akaamka. Alichungulia juu ya bega la mama yake, akanyoosha mkono akaivuta ile kaboni iliyochomoza pembeni. Hakuna aliyemzuia. Aliifinyanga, akaitupa, kisha akaweka kiganja mezani, vidole vitano vya buluu, juu ya ule mstari mtupu.