Ijumaa Nyeusi Dukani kwa Abdulkarimu

Mwantumu alikuwa ameamua kuhama Kibiti, na akishaamua jambo hana habari ya kulizungusha. Alitaka mzigo wa dukani uishe, khanga, vitenge, shuka na mitandio, amrudishie mwenye fremu ufunguo wake, kisha aende Dar es Salaam akaishi kwa binti yake Yasmini. Majirani walipomuuliza alisema ni upweke. Sababu yenyewe hakumwambia mtu. Mumewe Abdulkarimu alifariki masika yaliyopita, siku zile mto ulipofurika ukafunga njia zote za delta, akazikwa na watu wachache wa mtaani. Ndugu zake wa Mbuchi, kijiji cha huko delta, hakufika hata mmoja. Mwantumu aliwapa udhuru wa maji. Maji yakatoka, eda ikaisha, na bado hawakuja, wala salamu hawakuleta. Hao ndio watu ambao Abdulkarimu amewavika katika arusi zao zote, akiwapelekea khanga kwa boti mpaka mlangoni. Mwantumu alikasirika, akabaki amekasirika, na kila asubuhi alipofungua duka hasira ilifunguka nalo.

Wazo la punguzo alilileta Yasmini. Binti huyo anauza mikoba kwa simu, na mambo ya biashara za dunia anayajua kama wengine wanavyojua mambo ya jirani. Alimweleza mama yake kwamba Wamarekani wana Ijumaa yao mwishoni mwa Novemba, Blaki Fraidei, yaani Ijumaa Nyeusi, watu hupanga foleni tangu alfajiri wakigombea televisheni. Wahindi wana siku yao kwenye sikukuu ya taa, hununua dhahabu, na asiyeweza dhahabu hununua japo sufuria. Dubai ndiyo usiseme, punguzo lao huchukua wiki na wiki. Wachina wana siku ya wasio na wenza, mtu huamka akajinunulia zawadi mwenyewe.

Hiyo ya Wachina ilimgusa Mwantumu. Aliuliza kama wajane nao wamo. Yasmini alicheka, akasema mama ashike hiyo ya Wamarekani, ndiyo inayojulikana, tena imeangukia msimu wa korosho watu wana chochote mfukoni. Mwantumu hakuwa na imani sana. Bei ya Kibiti huanzia juu ikashuka kwa maneno, na mteja anayekuta imeshashushwa huona amedhulumiwa raha ya kupatana. Lakini mtu anayefunga duka hachagui, akakubali.

Kilichobaki kilikuwa tangazo. Akamwita Dulla, fundi wa maandishi, yule aliyeandika milango ya nusu ya maduka ya Kibiti na hakuna aliyewahi kumlalamikia mwandiko. Dulla ana adabu, na adabu yake ndiyo iliyozaa kisa hiki. Kwanza alisema Kiingereza kitawapita watu pembeni, afadhali aandike kwa lugha yao. Pili, bango la plastiki lilikuwa ghali, akaomba kipande cha kaniki humo humo dukani, maana rangi nyeupe juu ya kitambaa cheusi huonekana hata kutoka stendi. Tatu, duka lilikuwa likiitwa kwa Abdulkarimu miaka yote, na Dulla aliona si heshima kumtaja mtu aliyetangulia mbele ya haki kama anayemwita barabarani. Akaandika, akapamba kingo, akatundika.

Kitambaa kilikuwa kirefu. Sehemu ya chini ilining'inia mlangoni ikawa inawapiga watu usoni. Mwantumu alipanda kwenye stuli, akaikunja, akaifunga kwa pini, akashuka akitikisa mikono kwa kuridhika. Hakusoma kilichobaki. Nani anasoma tangazo lake mwenyewe? Kilichobaki kilikuwa hiki: IJUMAA NYEUSI. DUKANI KWA MAREHEMU ABDULKARIMU. WOTE MNAKARIBISHWA.

Yale maneno ya punguzo na nusu bei yalikuwa ndani ya mkunjo.

Ijumaa ilipofika alipanga vitambaa mezani mapema, akabandika vikaratasi vya bei, akakaa. Watu walikuja, lakini walikuja kwa namna ya ajabu. Walivua viatu barazani. Walisalimia kwa sauti ya chini. Mama mmoja wa sokoni alimshika mkono kwa muda mrefu, akamwambia Mungu atamlipa, akaondoka bila hata kugusa kitenge. Muuza mihogo alimwachia mfuko wa nazi na kukataa kabisa kupokea chochote. Mwantumu akadhani wamemwonea huruma kwa jinsi alivyouza bei ya kutupa, na jambo hilo halikumpendeza.

Sala ya Ijumaa ilikuwa imetoka tu wakati kirikuu mbili, vile vigari vya mizigo, ziliposimama mbele ya duka, zimejaa watu mpaka ubavuni. Wa kwanza kushuka alikuwa Sihaba, dada wa marehemu, wifi yake Mwantumu, na pindo za baibui lake bado zilikuwa na maji ya boti. Nyuma yake walishuka watu wa Mbuchi, wanaume na kofia zao, wanawake na mikeka, mchele, samaki wa kukaushwa, kuni, na sufuria la shughuli lililobebwa na watu wawili. Kumbe mtu alipita siku ya kutundikwa tangazo, akalipiga picha, akaitupa kwenye kundi la simu la wana-Mbuchi, na huko haikulala.

Mwantumu alisimama nyuma ya meza. Sihaba hakuingia, alibaki kizingitini.

"Wifi yangu, tusamehe tumechelewa," alisema. "Mashamba yetu yote yalikwenda na maji. Hatukuwa na hata kibaba cha mchele. Mtu utakwendaje kwenye msiba wa kakako mikono mitupu? Kisha siku zikapita, ikawa aibu juu ya aibu. Tukasema, Mwantumu akituita tu, tutakwenda hata kwa kuogelea. Sasa umetuita."

Mwantumu aliinua macho kwenye kaniki. Rangi ilikuwa imepenya kitambaa, na kutokea ndani maandishi yalionekana kinyumenyume, lakini aliyasoma, neno kwa neno, na safari hii aliona walichokiona wao: mwaliko wa hitima. Dulla alikuwa amesimama barazani na kofia mkononi. Alikuwa ameshaelewa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta pa kujificha.

Ukweli ni kwamba maneno Mwantumu alikuwa nayo. Aliyatengeneza tangu masika, akayanoa akiwa kwenye eda, na sasa waliostahili kuyasikia walikuwa mbele yake wamejipanga. Angeweza kusema, sikuwaita nyie, nimewaita wateja. Yalikuwa kweli, na yangeuma sawasawa. Kisha akatazama mchele mikononi mwa Sihaba. Ulikuwa kwenye mfuko wa mtoto wa shule, na haukujaa.

"Karibuni," alisema. "Mmefika kwenu."

Mambo yakaenda yenyewe baada ya hapo. Vikaratasi vya bei vilibanduliwa, na hakuna aliyeuliza vilikuwa vya nini. Mikeka haikutosha, Mwantumu akachana mifuko ya shuka mpya, zile za punguzo, akazitandika barazani watu wakakalia. Shehe wa msikiti wa sokoni aliitwa, Yasini ikasomwa, na jina la Abdulkarimu likatajwa katika dua na sauti nyingi zikaitikia amina. Siku ya maziko sauti zilikuwa chache mno, Mwantumu alizikumbuka moja moja. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, wanawake wa Mbuchi wakamzunguka, na alijisikia mwepesi kuliko alivyokuwa tangu masika.

Ubwabwa uliliwa mpaka na abiria waliokuwa wakipita. Dulla alikula mara mbili, kwa aibu au kwa njaa, hajulikani.

Vyombo vilipokuwa vinaoshwa Mwantumu alimvuta wifi yake mlangoni. Hakutaka kukaa na jambo moyoni, alishajua linavyokaa. Akatoa pini, mkunjo ukafunguka, yakaning'inia mbele ya pua ya Sihaba maneno ya Dulla kwa herufi kubwa: PUNGUZO KABAMBE. NUSU BEI. MZIGO WOTE UISHE.

Sihaba alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alirudia tena kutoka juu. Kisha akakaa chini palepale kizingitini akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio, na Mwantumu naye akashindwa kujizuia. Walikuwa wakikaribia kutulia Sihaba aliposhika lile neno la mwisho.

"Uishe, kisha wee uende wapi?"

"Dar. Kwa Yasmini."

Kicheko kikafutika usoni mwa Sihaba. Aliitazama kaniki.

"Na binti yangu Mwanawetu anaolewa baada ya mfungo," alisema. "Khanga zake nilitaka zitoke duka la mjomba wake. Mie nikanunue kwa nani?"

Mwantumu aligeuka. Aliingia ndani, akasogeza meza, akalivuta robota la khanga lililokuwa chini kabisa ya rafu, bado na kamba zake. Abdulkarimu aliliagiza kwa ajili ya Mbuchi, wiki chache kabla maji hayajaja, na tangu hapo hakuna aliyelifungua. Alikata kamba kwa kisu cha jikoni. Wanawake wakaacha vyombo. Khanga zilikuwa nyekundu na za manjano, rangi ambazo marehemu alijua wanazipenda, na kila mmoja alitaka kushika.

Mwantumu alitaja nusu bei. Sihaba, ambaye muda si mrefu uliopita alikuwa akijifuta machozi, alikunja uso akasema hiyo ni bei ya wageni, ashushe. Mwantumu akasema imeshashuka, haina pa kwenda. Sihaba akaikunja khanga, akairudisha, akajifanya anaondoka. Waliendelea kupatana hivyo hadi jioni, mmoja akivuta na mwenzake akivuta, na Mwantumu alisahau kabisa kwamba alikuwa na haraka ya kumaliza.

Kirikuu zilipoondoka Yasmini alipiga simu. Alikuwa na shauku ya kujua Ijumaa ya Wamarekani imekwendaje huko Kibiti, kama mama amemaliza mzigo.

"Watu walijaa," Mwantumu alisema. "Foleni mpaka barabarani."

Yasmini alifurahi, akauliza sasa mama anahamia lini, amtayarishie chumba.

Mwantumu alikuwa amekaa juu ya stuli, kaniki imekunjwa mapajani. Nje, shuka za punguzo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, zina madoa ya mchuzi, haziuziki tena kwa bei yoyote.

"Nitakuja kukutembelea, mwanangu," alisema. "Baada ya arusi ya Mwanawetu. Wewe nitayarishie orodha ya khanga mpya zilizoingia Kariakoo, nitarudi nazo."