Nusu Mlingoti

Kulala umesimama ni kazi ya punda, ndivyo tunavyosema huku kwetu, lakini asubuhi hii mtani wangu Nakijwa, Mpare wa Same, amelala wima kando ya barabara, macho wazi, kanga begani, mbele ya ofisi ya serikali, na simlaumu hata kidogo. Usiku kucha hakufumba jicho. Binti yake Nanzia anaondoka leo na basi la asubuhi, anamfuata mumewe nchi ya baridi, na huko ataapa chini ya bendera ya watu, na akishaapa pasi ya huku anairudisha, maana sheria yetu haimtaki mtu mzima awe raia wa nchi mbili. Nakijwa alilipokea jambo hilo kama Mpare anavyopokea hukumu asiyoikubali. Alisusa. Alikaa mkekani, akajifunika kanga gubigubi, na majirani walipokuja kuuliza kulikoni akawajibu, nipeni pole jamani, nimefiwa na mwanangu. Na Nanzia mwenyewe kasimama pale mlangoni, anasikia! Msichana alipobeba begi lake akapiga magoti kuomba radhi, na mama akageukia ukutani. Ndiyo, ukutani. Sasa mlango umefungwa, jogoo wanawika, nyumba imekuwa kubwa ghafla, na uchungu wa mwana, aujuao mzazi, unamwinua Nakijwa mkekani bila kumwomba ruhusa. Anatoka mbio, mikono mitupu, awahi stendi ampe mwanawe radhi kabla basi halijang'oka, kwa sababu mtoto akivuka mipaka bila radhi ya mama anavuka na nini? Na hapohapo, pyuu, filimbi inalia.

Mgeni asiyejua mambo ya mji huu angeendelea kukimbia. Mwenyeji hathubutu. Filimbi ya ofisini ikilia asubuhi bendera inapanda, na bendera ikipanda kila kitu kinasimama kilipo, mwenye baiskeli anashusha mguu, mama wa maandazi anaacha kugeuza, hata mlevi anayerudi kwake anajinyoosha kadiri ya uwezo wake. Nakijwa anasimama. Moyo unakimbia peke yake kuelekea stendi, miguu imetii sheria. Askari anavuta kamba, kitambaa kinapanda, polepole, polepole zaidi, kisha kinafika nusu ya mlingoti na kukwama. Jamani! Anataka kupiga kelele lakini mdomo nao umetii. Basi anaitazama tu ile bendera, kwa kuwa hana kingine cha kutazama, naye tangu utotoni ni mtu wa kuuliza, shuleni walimwita Kwanini. Upepo wa milimani unakifungua kitambaa, kinapanuka, kinakuwa kikubwa kuliko ofisi, kuliko mji, na ule mstari mweusi unaopanda katikati ni barabara kabisa, ina kingo za njano huku na huku. Mguu uliokatazwa kutembea unanyanyuka wenyewe. Nakijwa anaingia.

Juu yake kushoto ni kijani, mashamba yasiyo na mwisho, na chini yake kulia ni maji ya bluu, na barabara inapanda katikati haina haraka. Mbele yake amesimama askari, sare imenyooshwa vizuri, ila hana uso. Nakijwa anasita. Mtu asiye na uso unamwamkiaje? Hujui kama ni wa kumpa shikamoo au wa kuipokea kwake. Anakata shauri, anasema habari za asubuhi, salamu ambayo haimvunjii mtu heshima. Nzuri, mama, anajibu askari, filimbi ikining'inia pale ambapo mdomo ungekuwa. Baba, nina haraka, barabara hii inafika stendi? Haifiki mahali, mama, inabeba. Inabeba nini? Wanaoifanya iwe nyeusi. Makubwa, anasema Nakijwa, nauliza njia napewa kitendawili! Lakini anatazama chini, na kweli ile si lami. Ni watu. Ni vichwa vya watu vilivyosongamana kama unavyoviona ukiwa juu ya ghorofa siku ya sikukuu, vilemba, kofia, vipara, nywele za kusuka, wote wamempa kisogo. Shuleni walikariri wakiimba, kijani ni ardhi na mimea, bluu ni maji, njano ni madini, nyeusi ni sisi watu. Waliimba mpaka sauti zikakauka, na hakuna siku Kwanini mwenyewe alipouliza hili linalomkaba sasa. Anauliza. Mtu mmoja akitoka humu, huu weusi unapungua? Hesabu uone, anasema askari. Nitawahesabuje wote hawa? Basi na bendera haiwahesabu, mama. Nakijwa anacheka bila kutaka, halafu anainama kumtafuta Nanzia katika visogo vile, na kila kisogo anachokiendea kinafanana na cha Nanzia mpaka akikaribia.

Wanatembea, na barabara iliyokuwa inapanda inaanza kushuka, ingawa hawajageuka popote. Tumeingia upande wa nyuma wa kitambaa, anasema askari, huku kila linalopanda kwenu linateremka. Na huku kuna mji, nao ni Same na si Same, maduka ni yaleyale ila vibao vyake vinasomeka kinyumenyume, na kila nyumba ina mlingoti wake na bendera yake asiyoijua, na kila mwenye nyumba amekaa chini ya bendera hana uso. Nakijwa anasahau haraka yake kidogo, Mungu amsamehe. Anabisha hodi nyumba ya kwanza. Nyekundu yenu maana yake nini? Damu ya mashujaa wetu, anaambiwa. Nyumba ya pili ina nyekundu ileile. Jua linapozama mtoni kwetu. Ya tatu nayo ni ileile. Aa, mama, siku ile dukani ilikuwepo hiyo tu, maana yake tuliitafuta baadaye, na sasa ukiichezea tutakushtaki. Nakijwa anashika kiuno. Kwa hiyo ipi ni kweli? Zote, anasema askari, kwanza huja kitambaa, kisha maana, kisha sheria inakaa mlangoni ili maana isitoroke. Na papo hapo sheria zinaanza kuitwa kutoka kila ua, kama wauza samaki wanavyoitana. Isiguse chini! Usiifanye nguo! Usiiandike jina lako! Ikichakaa usiitupe jalalani, ichome kwa heshima! Nakijwa damu inamchemka kwa raha, kesi ni chakula chake. Kifungu cha ngapi? anauliza. Askari anajikuna pale ambapo pua ingekuwa, anasema, mama, twende.

Kwenye njia panda ya mji ule kuna mlingoti mrefu kuliko yote, na katikati yake, nusu mlingoti, inapepea kanga. Nakijwa anaijua. Ni yake, ileile aliyojifunika mkekani. Nani kafa hapa? anauliza. Wewe ndiye uliyeipandisha, mama, tukuulize wewe. Mwanangu, anasema. Amekufa? Anasafiri. Aha, anasema askari, na kwa mara ya kwanza hatoi kitendawili, anazungumza kama karani wa mahakama. Basi umevunja utaratibu mara mbili. Nusu mlingoti ni ya aliyekufa, si ya aliyepanda basi. Na hata angekuwa amekufa, bendera haikomei nusu ikitokea chini. Inapelekwa kwanza mpaka juu kabisa, inafika, ndipo inashushwa nusu. Hata msiba unaanzia juu. Hii yako hukuifikisha, uliikwamisha njiani ukaiita kilio. Nakijwa anawaka. Mimi nimemzaa! Nimemlea peke yangu! Sina haki ya kulia? Haki unayo, mama, anasema askari taratibu, ulichokosa ni kuipandisha. Na neno hilo linampata pale alipokuwa anajificha. Anaona aibu, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kwenda. Anaishika kamba. Ni nzito ajabu, inakwaruza viganja, na kila anapovuta anakumbuka uso wa Nanzia pale mlangoni, magoti sakafuni, anavuta tena, analia anavuta, mpaka kanga inafika kileleni na kupigwa na upepo wote.

Kutoka pale anaona mbali. Anaona uwanja wa mji mwingine, baridi inatoka midomoni mwa watu kama moshi, na bendera ngeni inapanda, na katikati ya umati usio na nyuso kuna uso mmoja. Nanzia. Amesimama visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu, hapepesi. Wengine wamesimama vyovyote tu. Nakijwa anamtazama mwanawe na kujiuliza, huyu nani kamfundisha kusimama hivi, na jibu linamjia lenyewe, maana anaiona barabara ya Same, asubuhi, na mkono mdogo ndani ya mkono wake, naye anauambia, simama wima mama, usicheze, hicho ni kitu cha watu. Kumbe! Kumbe alikuwa anamfundishia na huko. Anataka kumwita, anavuta pumzi, na filimbi inalia.

Bendera iko juu. Baiskeli zinaondoka, maandazi yanageuzwa, mama wa maandazi anamwambia, Mama Nanzia, umepatwa na nini, bendera imefika zamani wewe bado umeganda. Nakijwa anapepesa macho. Askari amempa mgongo, anafunga kamba, kofia imemshukia, na hageuki. Upepo umekufa, kitambaa kimelala kwenye mlingoti, hakuna wa kukuambia unakitazama kwa mbele au kwa nyuma. Na katikati ya barabara, hatua chache tu kutoka alipo, limesimama basi, injini inanguruma, dereva ndiyo kwanza anaingiza gia, kwa maana filimbi iliyomzuia mama ililizuia na basi lililokuwa linatoka stendi. Jua la asubuhi limepiga vioo vyote, hakuna uso unaoonekana. Nakijwa hajui kama ameamka au amevuka tu kwenda upande mwingine, na kwa mara ya kwanza maishani hana haja ya kuuliza. Anakimbia, anagonga ubavu wa basi kwa viganja viwili, viganja vinamuuma. Nanzia! Nanzia mwanangu! Nenda na radhi zangu zote! Apa kwao, kaa kwao, zaa kwao, mimi ni mama yako! Kioo kinasogezwa, mkono unatoka, na Nakijwa anaudaka. Ni wa moto, una bangili, unambana mpaka vidole vinauma, lakini kuna mikono mingapi yenye bangili katika basi moja? Basi linaanza kwenda, naye anatembea nalo, kisha anakimbia nalo, hauachii, na anazirudia radhi zake kwa sauti ya juu kabisa, ili zisikike pande zote mbili.